Tupeane uzoefu: haibridi ya kuchomeka na dizeli, ipi inabana mafuta lami na porini?

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu umetokana na ubishi wa mimi na kaka yangu. Yeye ana Prado ya dizeli, injini 1KD ya lita 3. Mimi nina Outlander PHEV ya 2014 iliyotoka Japani, ndiyo hiyo haibridi ya kuchomeka, ina injini ya petroli na betri unayochaji kwenye soketi: petroli cc 1,998, betri ya kWh 12 (yuniti 12 ilipokuwa mpya), mota moja mbele na nyingine nyuma. Kila tukikutana ni wese, wese, wese, mpaka shemeji akatuambia tukabishanie nje. Desemba tukasema yaishe: tunaenda Iringa kwa mama na magari yote mawili, siku moja, sheli moja.

Tulipima fulu kwa fulu. Kimara tukajaza mpaka pampu ikakata yenyewe, hakuna cha "ongeza ifike elfu kamili", tukarudisha tripu sifuri. Kompyuta ya dashibodi hatukuisikiliza, ya kwangu huwa inajisifu sana.

Hadi Ipogolo, pale Iringa, kilomita 490. Mimi niliongeza lita 27 Mikumi, kwa sababu tenki langu ni lita 45 na sikutaka kupanda mlima Kitonga mshale umelala, halafu Ipogolo zikaingia 19. Jumla 46. Kaka hakusimama popote, tenki lake ni lita 87. Alipojaza Ipogolo ziliingia 47. Yaani mimi kilomita 10.7 kwa lita, yeye 10.4. Na yeye alibeba watu saba, mimi wanne. Alicheka toka sheli mpaka kwa mama.

Kilichoniangusha ni hiki: chaji niliyotoka nayo nyumbani ilinipa kilomita 31, ikaisha kabla ya Mlandizi. Kuanzia hapo nilikuwa naendesha gari ya petroli ya tani 1.8 iliyobeba betri tupu kama mzigo. Kitonga ndiyo usiseme. Nyuma ya semi, betri haina kitu, injini inalia kama mashine ya kusaga na gari inasogea kwa kuombewa. Ningebonyeza kitufe cha SAVE toka Kimara, ile chaji ningeitumia mlimani.

Siku ya kurudi nikajilipiza kidogo. Juu ya Kitonga dashibodi ilionyesha kilomita 2 za umeme. Nikaweka B5, ile ya kuzuia gari kwa mota, mguu nje ya pedali, breki nimezigusa mara mbili tatu tu. Chini ikasoma 9. Kaka yeye alifika chini na harufu ya breki.

Mjini sasa ndiyo kwangu. Goba hadi Posta kwenda na kurudi ni kilomita 50, siku 22 kwa mwezi, jumla 1,100. Chaji ya usiku inanifikisha kazini na kunirudisha kipande, petroli inamalizia. Natumia yuniti kama 200 na lita 33. Yuniti ni Sh 356, lita tuiweke Sh 3,000 kurahisisha, inakuja kama Sh 170,000. Prado ya kaka kwenye foleni ya Ubungo inatembea 7 kwa lita, safari hizohizo ni lita 157, karibu Sh 470,000. Hapo huwa anabadilisha mada.

Leteni za kwenu. Gari gani, njia gani, ulipimaje. "Inabana sana" bila namba hatutaki.

Hardtop wa Karatu
Mkuu, kipimo chako kizuri ila ni cha lami. Mimi naendesha watalii, Land Cruiser 1HZ, lita 4.2 haina tabo, matenki mawili jumla lita 180. Arusha hadi Karatu napata 8 kwa lita nikitulia. Ndani ya Serengeti inashuka hadi 6 na kidogo: vumbi, barabara yenye mawimbi kama bati, gia ya pili siku nzima, kugeuza kwa ajili ya chui aliyeshuka mtini sekunde tuliyofika.

Nishawahi kuulizwa na bosi kama haibridi ya kuchomeka ingefaa. Nikamuuliza, nichomeke wapi? Kambi yetu ina jenereta. Jenereta dogo la dizeli likienda vizuri linatoa yuniti kama 3 kwa lita. Betri yako inataka yuniti 9 kujaa, ni lita 3, kwa kilomita 31. Umerudi palepale, 10 kwa lita, sawa na Prado ya kaka yako, na kelele za jenereta usiku kucha. Kambi za umeme wa jua ni hesabu nyingine, na zipo Land Cruiser zilizong'olewa injini kabisa zinatembea kwa huo umeme.

Ila moja nakupa. Kushuka kreta ya Ngorongoro ni mita kama 600 kwenda chini. Naweka 4L, ile gia nzito ya porini, namba moja, injini inanguruma njia nzima, na hakuna hata tone linalorudi kwenye tenki.

Mbishi wa Tabata
Betri ikifa mtatuambia. Nipo hapa nasubiri.

Fundi wa Nyaya
Mbishi, betri haifi siku moja kama balbu, inapungua. Nyingi zinazokuja zikiwa na miaka minane au tisa hazifikishi tena zile kilomita 60 za kwenye karatasi ya Japani. 30 hadi 35 ukiwa na AC ndiyo nyingi ninazokutana nazo. Kabla hujalipa, omba wakupimie uwezo wa betri uliobaki, sio picha za siti.

Halafu kuna jambo wengi linawashtua. Ukiwa mtu wa kuchaji tu, huweki petroli, gari inakuwashia injini yenyewe. Inataka iwekwe angalau lita 15 ndani ya miezi mitatu, isije petroli ikachachia kwenye tenki. Nimeshaletewa gari mara mbili na mtu analia "injini haizimi". Nikamwambia nenda sheli.

Na hiyo waya inayokuja na gari ya Japani, kichwa chake hakiingii kwenye soketi zetu. Msikate mkaunga kwa tepu. Soketi ya kuchajia vutiwe waya wake peke yake toka kwenye mainswichi, inabeba mzigo saa tano sita bila kupumzika. Nimeona ukuta umeungua rangi ya chai.

Dada wa Laela
Mimi ni bwana shamba wa kike, naomba msinisahihishe. Hilux 2KD, lita 2.5, Sumbawanga hadi vijijini. Nilikuwa napata 11.5. Nikaona vijana wana tairi za matope zenye meno, nami nikanunua, na keria juu nikafunga. Nikapima tena njia ileile: 9.8. Keria ilikuwa tupu! Nimeitoa, narudisha msimu wa mbegu tu. Mnaoshindanisha injini, angalieni kwanza mmevaa nini miguuni na kichwani.

Upande wa dizeli mniandikie na hili: niliwahi kuweka mafuta ya kwenye pipa kijijini, jeri keni mbili tu. Nozeli nne zikaondoka. Nilichobana mwaka mzima nilimkabidhi fundi mchana mmoja.

Mswahili wa Reading
Huku Uingereza Outlander PHEV zilikuwa kila kona, kwa sababu kodi ya gari ya kazini ilikuwa ndogo mno. Karatasi ilisema lita 1.9 kwa kilomita 100, maana yake zaidi ya 52 kwa lita. Kipimo cha maabara cha wakati ule kilichanganya safari ya betri iliyojaa na ya betri tupu, na ile ya betri iliyojaa ikapewa uzito mkubwa, sasa lazima namba ipendeze.

Nilipewa moja na mwajiri wangu wa zamani, tulikuwa kama kumi tuliokuwa nazo. Kadi ya mafuta kampuni inalipa, umeme wa nyumbani unalipa mwenyewe. Mnategemea nini? Nilichaji wiki ya kwanza kwa ushamba wa kitu kipya, baada ya hapo barabara kuu kila siku, 13 kwa lita. Siku ya kurudisha magari, mwenzangu alitoa waya wa kuchajia kwenye buti ukiwa bado ndani ya mfuko wake, zipu haijafunguliwa, na vile vifungio vya plastiki bado vimekaza.

Mbishi wa Tabata
Reading umemaliza. Kwa hiyo mleta mada, ukiambiwa ubaki na moja?

Mleta mada
Hardtop, ile hesabu ya jenereta nimempelekea kaka. Kosa kubwa, sasa ameifanya mlio wa simu.

Mbishi, kwa Goba na Posta sibadilishi. Kwa safari za Iringa nitaomba Prado, na sio kwa ajili ya mafuta, huko tulitoka sare. Ni kilichofuata baada ya Ipogolo. Tulikwenda Kilolo shambani, mvua imenyesha. Outlander ilipita kwenye utelezi vizuri kuliko nilivyotarajia, mota zile mbili zinagawana nguvu kimyakimya, mpaka tukafika kwenye njia ya matrekta. Tumbo likakaa kwenye tuta la katikati, tairi zote nne zinazunguka hewani kwa heshima. Haina 4L. Prado ikanivuta kwa kamba ya katani ya kufungia ng'ombe. Lita alizotumia kaka kunivuta hatukuzipima, alikataa ziingie kwenye hesabu yake.

Dada wa Laela, keria yangu naitoa kesho.

Fundi, kuhusu soketi asante, lakini kuna gharama ambayo hukuitaja. Nyumbani kwangu tulikuwa kundi la wanaotumia umeme mdogo, chini ya yuniti 75 kwa mwezi, yuniti Sh 122. Gari ilipoanza kuchaji, mwezi uleule nikatoka kwenye hilo kundi. Friji, taa, pasi, vyote sasa vinakula kwa bei ya 356. Kwenye ile 170,000 yangu ongezeni hapo.

Iringa ndiyo nilijisahau kabisa. Usiku wa kwanza nikachomeka gari dirishani kwa mama bila kusema. Alikuwa amenunua Luku ya elfu kumi siku hiyohiyo, yuniti 28, yeye huwa inampeleka wiki tatu. Usiku wa pili nikachomeka tena. Alfajiri ya siku ya tatu, nikiwa nimechomeka kwa mara ya tatu, mita ikaanza kulia. Mama akatoka na khanga begani, akaufuata waya toka kwenye soketi, akapita nao sebuleni, dirishani, mpaka kwenye gari, akasimama hapo.

"Baba, hii gari yako ndiyo imekunywa umeme wangu?"

Kaka alikuwa ameshaamka. Alikaa kwenye ngazi ya Prado anapiga mswaki taratibu, hasemi neno.