TV mpya ya mzee huku Soni inaandika "No Signal": tatizo ni TV, antena au mlima?

Mshale_wa_Mbagala (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mafundi mnisaidie, nimekwama na mzee keshaanza kununa.

Baba yangu anaishi kijijini chini ya Soni, wilaya ya Lushoto. Ni bondeni kabisa, unaiacha barabara inayotoka Mombo unateremka kwa miguu. Miaka yote alikuwa na TV ya chogo nchi 21 na antena ya vijiti juu ya mlingoti wa mkaratusi. Taarifa ya habari ya ITV alikuwa anaipata, chenga zipo lakini sura ya mtangazaji unaijua na sauti unaisikia, na halipi hata senti. Matangazo ya zamani ya analojia yalipozimwa ili kupisha ya dijitali, akafunika ile TV na kitambaa, akabaki na redio.

Sasa nimempelekea TV bapa ya nchi 32. Muuzaji Kariakoo aliniapia kwamba ina king'amuzi ndani, mzee atachomeka antena tu aanze kuangalia. Nimefika, nimechomeka antena ileile, nimetafuta chaneli mpaka rimoti imechoka. No Signal.

Naomba kujua: nimepigwa? Au niende Lushoto mjini nikanunue "antena ya dijitali"? Halafu mzee kaniuliza swali nikakosa jibu: "Mlima ni uleule, antena ni ileile, na mimi nilikuwa naona. Kwa nini walizima kitu kinachofanya kazi?"

Kipanga_Mweusi

Umepigwa mkuu 😂 Kariakoo hata jokofu watakuambia lina king'amuzi ndani.

Fundi_Chumbageni

Kijana, hujapigwa. Huyo Kipanga msamehe.

Mimi natengeneza TV hapa Tanga mjini tangu zile za kasha la mbao. Mtu ananiletea king'amuzi anasema kibovu, nakichomeka kwenye antena yangu ya kibandani kinaonyesha kila kitu. Kilichoharibika kiko juu ya bati lake, na huko hajapanda tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo tunaanza na TV haraka haraka, halafu tunakaa kwenye antena.

Soma kibandiko kilicho mgongoni mwa TV au ubavuni mwa boksi lake. Ukikuta DVB-T2, yaani mfumo wa dijitali ya antena tunaotumia huku, muuzaji kasema kweli. Sasa ingia kwenye menyu ya kutafuta chaneli. Utaona ATV na DTV. ATV ndiyo analojia. Watu wanabonyeza OK bila kusoma, TV inaanza kuzunguka kwenye ATV kutafuta mawimbi ambayo mkoa wetu yalizimwa tarehe 31 Januari 2013. Ikeshe, haitapata kitu. Chagua DTV, upande wa antena na siyo kebo wala setilaiti, kisha uiache imalize yenyewe.

Ikipata majina ya chaneli lakini ukifungua inaandika "Scrambled", usiilaumu antena. Hapo mawimbi yamefika, ila mrushaji ameyafunga na yanafunguka kwa king'amuzi chake tu. King'amuzi cha ndani ya TV kinafungua yaliyoachwa wazi, basi.

Sasa antena. Antena ya dijitali ni jina la dukani. Antena ni vyuma vilivyokatwa kwa vipimo, haijui kama kinachopita ni analojia au dijitali. Kinachohusika ni urefu wa wimbi. Mwambie mzee akuonyeshe vijiti vya ile yake. Kama vile vya pembeni vina urefu wa rula ya shule, sentimita 30 au pungufu, hiyo ni ya UHF, yaani mawimbi mafupi ya TV, na dijitali yetu inarushwa huko. Ipanguse vumbi, inafaa. Kama vijiti vinakaribia mita moja, hiyo ni ya VHF, mawimbi marefu zaidi, na itakusumbua bure. Nimeona watu wakitupa antena nzuri ya UHF na kununua kidude cha plastiki cha kukaa juu ya meza, eti kwa sababu boksi lake limeandikwa Digital HD.

Kabla ya kununua chochote, kata sentimita chache za waya pale unapoingia kwenye antena, menya ganda la nje. Ule wavu wa ndani ukiwa umegeuka kijani au mweusi, maji yameingia siku nyingi na yanateremka na waya mpaka ndani. Waya wa namna hiyo unatupwa wote, usiungeunge kwa selotepu. Na huko kwenu ukungu haukauki, kwa hiyo mimi ningeweka pesa yangu hapo kwanza.

Nakuja kwa mzee, maana swali lake ndilo zuri kuliko yote humu.

Analojia ilikuwa inafifia. Mawimbi yakichoka kidogo, chenga kidogo. Yakichoka sana, chenga nyingi, lakini mpira bado unauona na bao unajua limeingia upande gani. Dijitali haifanyi hivyo. Picha inatumwa kama namba, na pamoja nazo zinatumwa namba za ziada za kurekebishia makosa. Makosa yakiwa kiasi, mashine inayasahihisha na wewe unaona picha safi kabisa, hujui kama huko juu hali ni mbaya. Yakivuka kiwango chake, picha inaganda, inakatika vipande vya miraba, sauti inakwaruza, kisha buluu tupu. Hakuna cha katikati. Mzee alikuwa anaishi katikati. Mawimbi aliyokuwa anapata yalitosha kwa chenga na hayatoshi kwa namba, ndiyo maana mlima uleule uliomwachia ITV leo unamnyima kila kitu.

Kwa nini walizima? Ni kwa sababu ya nafasi hewani. Nchi nyingi zilikubaliana Geneva mwaka 2006, chini ya shirika la mawasiliano la kimataifa ITU, kwamba ikifika tarehe 17 Juni 2015 matangazo ya analojia ya UHF hayalindwi tena dhidi ya mwingiliano kutoka nchi jirani. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ikajiwekea mwisho wa 2012, na Tanzania haikusubiri mtu: Dar es Salaam ilizimwa usiku wa 31 Desemba 2012, sisi Tanga pamoja na Dodoma mwezi uliofuata, Mwanza mwisho wa Februari. Analojia ilikula masafa mazima kwa chaneli moja. Kwenye masafa hayohayo dijitali inapakia zaidi ya kumi. Yaliyobaki, hasa ya juu kuanzia megahezi 700, yakaelekezwa kwenye simu. Hiyo 4G inayomletea mzee picha za wajukuu kutoka Mbagala, kama kijijini inafika, huenda inapita pale palipokuwa pa televisheni.

Sababu hiyo naielewa na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni matangazo. Yalituimbia picha safi, sauti safi, chaneli nyingi. Sikusikia hata moja likimwambia mtu wa bondeni kwamba wewe unayeona kwa chenga, kuanzia kesho huoni kabisa.

Mshale_wa_Mbagala

Shikamoo fundi. Umeniokoa.

Nilikuwa natafuta kwenye ATV kweli. Vijiti vya antena ni vifupi, kumbe ni UHF. Waya nimeumenya, kijani kama majani ya mchicha. Nimenunua mpya, nimeweka DTV. Hapa nyumbani bado hamna kitu. Lakini nikabeba TV na antena mpaka kwa jirani mwenye umeme aliye juu ya shamba la kabichi, nikaelekeza upande wa Tanga, chaneli zikaja. Mbili zimefunguka, nyingine Scrambled kama ulivyosema.

Sasa nivute waya kutoka kule juu mpaka kwa mzee? Au ninunue busta?

Mkaazi_wa_Likoni

Naingilia kutoka Mombasa. Mwambieni mzee asidhani ni yeye peke yake. Kwetu Kenya vita ilikuwa ni nani atarusha. Februari 2015 mitambo ya analojia ya Citizen, NTV, KTN na QTV ilizimwa, wenyewe wakasema hawaingii dijitali kupitia mitambo ya wengine, wanataka mtandao wao na visanduku vyao. Basi karibu wiki tatu hizo stesheni kubwa hazipo hewani. Mimi nilikuwa na kibanda cha chai chenye TV ukutani, wateja wangu ni watu wa feri. Tuliangalia KBC ya serikali mpaka tukawajua watangazaji wote kwa majina. Waliporudi mwanzo wa Machi nikaambiwa nitafute chaneli upya, na nusu ya wateja walikuwa wameshahamia kwa jirani mwenye dishi.

Fundi_Chumbageni

Marahaba kijana. Ndugu wa Likoni, karibu, hiyo nayo ilikuwa kali.

Busta usinunue. Busta inakuza kilichopo kwenye antena, na bondeni kwenu kilichopo ni kelele. Kwenye menyu ya TV itakupa mstari wa "Strength" (nguvu ya mawimbi) uliojaa mpaka juu na mstari wa "Quality" (ubora wake) uliolala. Unaopaswa kuutazama siku zote ni Quality. Busta ina kazi yake pale antena ilipo juu na waya ni mrefu, na hapo inafungwa kule kwenye mlingoti, karibu na antena. Ukiifunga nyuma ya TV, unakuza uchovu wa waya.

Waya wa kutoka kwa jirani unawezekana kama umbali ni wa kutupa jiwe. Ukizidi hapo utalipia waya mzuri, busta ya mlingotini, na siku jirani akilima atakata.

Mimi ningemwekea dishi. Najua unawaza mlima utaziba na huko pia. Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, na sisi tuko nyuzi kama tano tu kusini yake. Kwa hiyo dishi la huku linatazama juu. Hata ile iliyo mbali upande wa magharibi kati ya setilaiti za vifurushi vya huku, dishi linaipata likiwa limeinuka kama nusu ya anga. Ulaya dishi limelala linatazama paa la jirani. Hapa kwetu kinachoziba ni mti ulio karibu na nyumba, mlima hauna neno labda nyumba iwe imebanwa ukutani kwake. Simama mlangoni saa tisa na nusu alasiri, utazame jua. Kama bado linapiga uani, upande wa magharibi kuna nafasi.

Ila chagua kwa chaneli anazotaka mzee, usichague kwa ukubwa wa kifurushi. Unakumbuka Agosti 2018 chaneli za kitaifa za bure zilivyoondolewa kwenye ving'amuzi kadhaa vya dishi, kwa sababu leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Watu walikuja kwangu na madishi begani wakidhani yamepata hitilafu. Muulize mzee: ni ITV? Ni TBC1? Ukishajua, nenda dukani, mwambie muuzaji awashe king'amuzi akuonyeshe chaneli hiyo ikicheza, palepale.

Mama_Twaha

Fundi, samahani naingia na langu. Niko Korogwe, king'amuzi changu ni cha antena. Kifurushi kikiisha kila kitu kinazima mpaka zile za nyumbani. Ni sahihi hivyo? Nilidhani hizo ni bure.

Fundi_Chumbageni

Mama Twaha, si sahihi. Masharti kwa warushaji wa dijitali yalikuwa kwamba chaneli za kitaifa za bure zibaki hata kifurushi kikiisha. Kabla hujaenda kulalamika, ingia kwenye menyu uziruhusu chaneli zitafutwe upya. Mara nyingine mrushaji amehamisha masafa na king'amuzi kinashikilia orodha ya zamani, mtu anadhani kafungiwa. Zikiwa bado zimezima, andika namba ya kadi au ya king'amuzi, tarehe na chaneli zilizokosekana, uwapigie. Wakikuzungusha, peleka karatasi hiyohiyo TCRA, wao ndio wasimamizi. Usiende mikono mitupu kusema "TV haionyeshi", utaambiwa uzime na uwashe.

Mshale_wa_Mbagala

Mzee kasema ITV, na mpira ukiwepo. Kesho nateremka Mombo kuulizia dishi. Ile ya chogo anataka nimpe dada yake, bado inawaka vizuri. Inaweza kutumika au ni chuma chakavu?

Fundi_Chumbageni

Mpe. Angalia nyuma au ubavuni kama ina matundu ya AV, la njano, jekundu na jeupe. Zingine zina la njano na jeupe tu. King'amuzi chochote chenye waya wa AV kitaingia hapo. Njano ni picha, mengine ni sauti. Kisha abonyeze AV kwenye rimoti, asihangaike na chaneli za TV yenyewe. Kama haina matundu hayo, atafute king'amuzi chenye tundu la RF, la kupeleka picha kwa waya wa antena, vipo vichache. Na huko Mombo, kabla hujalipa, uliza bei ya dishi ni pamoja na waya, LNB (kile kichwa kinachokaa mbele ya sahani) na fundi wa kufunga au ni sahani tupu.