Mafuta ndani ya msuli: ya ng'ombe na ya mama yangu ni kitu kimoja?

Buchari_FreeArea (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Nina buchari hapa Free Area. Naomba anayeelewa mifugo au mwili wa binadamu anisaidie.

Mama yangu alivunjika nyonga mwaka jana akalala kitandani muda mrefu. Mfupa umeunga, lakini mgongo unamsumbua na kuinuka kwenye kiti ni vita. Tukampiga picha ya MRI. Ripoti inasema misuli inayoshikilia uti wa mgongo imeingiwa na mafuta. Daktari akanionyesha kwenye kompyuta: kando ya uti, kulia na kushoto, mahali pa nyama pana mistari na mabaka meupe. Nilinyamaza, maana sura hiyo naijua. Ndiyo naiona nikikata steki ya ng'ombe aliyenona, zile nyuzi nyeupe zinazopita katikati ya nyama yenyewe, ambazo huwezi kuzibandua kwa kisu kama mafuta ya juu.

Sasa ndugu zangu wanasema ni mimi, kwa sababu kila Jumapili nilimpelekea mbavu zenye mafuta. Dada amempiga marufuku nyama. Mama anashindia uji na sukuma, na anazidi kukonda. Je, ni mafuta ya aina moja? Yametoka kwenye nyama niliyompa? Yanaweza kuisha?

MwalimuMstaafu_Njoro

Pole sana kwa mama. Kabla ya yote, mrudishieni nyama leo leo. Sababu inakuja.

Nimefundisha sayansi ya mifugo miaka mingi, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Ndiyo, kwa sehemu kubwa ni kitu kimoja. Katikati ya nyuzi za msuli huishi seli changa ambazo zenyewe si za msuli. Msuli ukiumia, seli hizo huongezeka haraka na kuusaidia upone, kisha nyingi hufa. Mambo yakienda kombo hubaki, nyingine zikawa mafuta, nyingine zikatengeneza kovu. Mwaka 2010 makundi mawili ya watafiti, moja Japani na jingine Kanada, yalizieleza kwenye msuli wa panya. Seli za aina hiyo zipo kwa binadamu, na zipo kwa ng'ombe.

Kinachotofautiana ni kinachoziamsha. Kwa ng'ombe ni nasaba na chakula. Mnyama huanza kuweka mafuta kwenye figo, halafu kati ya msuli na msuli, halafu chini ya ngozi, na ndani ya msuli ni mwisho kabisa. Ndiyo maana maksai aliyekula nyasi tu hukupa nyama nyekundu tupu, na aliyelishwa nafaka miezi kadhaa hukupa mistari. Ng'ombe weusi wa Japani, wale wa Wagyu, wamechaguliwa kwa hilo vizazi na vizazi, hadi steki yao inaweza kuwa na mafuta zaidi ya asilimia 30. Wafugaji wa huko hata hupunguza vitamini A katikati ya kipindi cha kunenepesha, kwa sababu vitamini hiyo huzuia seli changa kugeuka mafuta. Ikipunguzwa kupita kiasi, ng'ombe hupofuka. Hilo mimi silikubali hata nyama iuzwe bei gani.

Kwa mama kilichoziamsha ni kulala. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la vijana wenye afya waliozuiwa kukanyagia mguu mmoja kwa wiki 4. Mafuta katikati ya misuli ya paja la mguu huo yaliongezeka kama asilimia 15, na ya shavu la mguu asilimia 20. Hao ni vijana! Umri, kisukari, kuumia kwa neva na unene huongeza tatizo. Lakini mafuta ya mbavu hayatoki tumboni kwenda kukaa mgongoni. Humeng'enywa, huingia kwenye damu, na mwili huyatumia au kuyaweka akiba kadiri ya mahitaji yake.

Ukitaka kuona kinachofanana zaidi na hali ya mama, achana na steki. Tazama kifua cha kuku wa broila aliyekuzwa haraka, ile mistari myeupe inayofuata nyuzi za nyama. Pale nyuzi zilikufa, na nafasi yake ikachukuliwa na mafuta na kovu. Kuku huyo hakulishwa mbavu.

Mfugaji_Gilgil

Mwalimu, hapo pa vitamini A nilikuwa nimeanza kupiga hesabu.

MwalimuMstaafu_Njoro

Usithubutu. Mpe nafaka na muda.

Fizio_Kondele (Kisumu)

Pole kaka. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, wagonjwa kama mama yako nawaona kila wiki. Naongezea jambo moja: si mafuta yote ya msuli ni ugonjwa. Wakimbiaji wa mbio ndefu, kama hawa wetu wa Iten, huwa na vitone vingi vya mafuta ndani ya uzi wenyewe wa msuli, na ni petroli yao. Utafiti wa mwaka 2001 ulionyesha watu wa namna hiyo wana vitone vingi na bado insulini yao inafanya kazi vizuri. Ya mama yako yako nje ya uzi, ni seli nzima za mafuta.

Je, yataisha? Sitakudanganya, yaliyokwisha jikita hutoka polepole, na mengine hayatoki. Lakini nguvu hurudi hata picha isipobadilika sana. Kule Boston, wazee dhaifu 100, wastani wa miaka 87, waligawanywa makundi. Waliofanya mazoezi ya uzito ya miguu kwa wiki 10 waliongeza nguvu zaidi ya maradufu. Miaka 87!

Anza na kuinuka kitini na kukaa, mara chache, mara kadhaa kwa siku, wewe ukiwa mbele yake. Kiti kiwe cha mbao, kirefu kidogo, kimeegemezwa ukutani. Asivute kwa mikono. Kwa kuwa nyonga ilivunjika, mtaalamu wa huko amwone kwanza.

Buchari_FreeArea

Asanteni sana, nimemsomea dada yote. Nyama ipi sasa?

Fizio_Kondele

Ya mguu, isiyo na mafuta mengi, ichemshwe hadi ilainike. Mayai, maharagwe, na omena kama anaipenda. Kila mlo uwe na kimojawapo, hata kifungua kinywa, maana mzee akila uji mtupu msuli haupati cha kujijengea.

Buchari_FreeArea

Omena anaipenda kuliko nyama. Kesho asubuhi napita sokoni, jioni tunaanza na kiti.