Acheni kuwaambia watu "washa SMB1"! Hifadhi ya nyumbani haigomi kwa sababu hiyo

Wakuu,

Leo nasema kwa hasira. Kila anayeuliza kwa nini kompyuta yake haifungui folda zilizo kwenye boksi la NAS (hifadhi ya mafaili ya kuunganisha kwenye mtandao) nyumbani anapewa majibu yale yale: washa SMB1 (toleo la kwanza, la zamani, la SMB, lugha ya Windows ya kushirikisha folda kwenye mtandao), zima fayawoli, ondoa paswedi. Mnawafungulia watu milango halafu mnajiita mafundi.

SMB1 ndiyo njia iliyopitiwa na WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, Mei 2017, na kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimeshatoka tangu Machi. Mwaka huo huo Windows 10 toleo la 1709 likaacha kuisakinisha yenyewe. Samba, programu ya SMB ya upande wa Linux, nayo ikaizima kwenye toleo la 4.11 mwaka 2019. Kama boksi halijui SMB2 wala SMB3, lipewe apdeti, na isipokuwepo listaafu.

Kinachowachanganya ni ile orodha ya vifaa kwenye dirisha la Network. Zamani orodha ile iliitegemea SMB1, sasa inategemea huduma nyingine, WS-Discovery, na boksi lisiloitumia halionekani kabisa. Kutoonekana siyo kutofikika! Andika \\192.168.1.50 (weka IP ya boksi lako) kwenye upau wa anwani wa File Explorer, mara nyingi folda zinafunguka hapo hapo. Ukimaliza, ingia kwenye ruta uifungie IP hiyo kwa boksi, la sivyo siku ruta ikizimwa na kuwashwa inaweza kugawa nyingine na utaanza kulia upya.

Isipofunguka, usibahatishe. Fungua PowerShell uandike (445 ndiyo poti ya SMB):

Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 445

Ikijibu TcpTestSucceeded : False, ama huduma ya SMB kwenye boksi imezimwa, ama vifaa viwili havifikiani. Angalia kama kompyuta iko kwenye Wi-Fi ya wageni, maana ile hutenga vifaa kwa makusudi. Angalia pia kama boksi limechomekwa nyuma ya ruta ya pili yenye mtandao wake, mfano 192.168.0.x. Hiyo ya pili igeuzwe iwe access point tu, yaani isambaze mtandao wa ruta ya kwanza bila kuunda wake.

Ikijibu True, njia iko wazi. Kinachogoma mara nyingi ni utambulisho. Hapa ndipo ushauri wa kuzima fayawoli unapochekesha, kwa sababu fayawoli ya Windows kwa kawaida haizuii safari zinazotoka kwenye kompyuta yako. Inazuia zinazoingia. Ingekuwa na maana kama folda ziko kwenye Windows nyingine, na hata huko unaruhusu File and Printer Sharing kwa mtandao wa Private, huzimi ukuta mzima.

Sasa hili la kuondoa paswedi. Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 inadai kila mazungumzo ya SMB yatiwe saini, na inakataa kuingia kama mgeni. Ufunguo wa saini hutokana na paswedi, kwa hiyo mgeni asiye na paswedi hana cha kusainia. Mnamshauri mtu aondoe kitu kile kile kinachohitajika! Tengeneza mtumiaji kwenye boksi, tuseme familia, mpe paswedi na ruhusa ya folda husika, kisha kwenye Command Prompt ya kawaida:

net use * /delete
cmdkey /delete:192.168.1.50
cmdkey /add:192.168.1.50 /user:192.168.1.50\familia /pass
net use Z: \\192.168.1.50\picha /persistent:yes

Mstari wa kwanza unaondoa miunganisho yote ya zamani, ndiyo inayoleta kosa namba 1219: Windows haikubali majina mawili ya mtumiaji kwa seva moja kwa wakati mmoja. Wa pili ukisema hakuna kilichohifadhiwa, endelea. Wa nne unaiunganisha folda (hapa picha) kama diski Z:. Wa tatu utakuuliza paswedi. Siyo PIN ya kuwashia kompyuta, PIN haivuki mtandao. Na msifungue Command Prompt kama Administrator, Z: itaundwa upande ule na File Explorer haitaiona, halafu mje kusema amri ni mbovu.

Na anayewaambia watu wafungue poti 445 kwenye ruta ili wafikie mafaili wakiwa safarini afungiwe humu. Wekeni WireGuard, VPN ya kuwaingiza mtandao wa nyumbani kwa usalama.

---

Jibu: Mkuu umenena. Wa Linux wasisahau kifurushi cha cifs-utils (cha kuunganisha folda za SMB), na kwenye fstab (faili linaloorodhesha diski na folda za kuunganishwa kompyuta ikiwaka) waongeze nofail na _netdev, la sivyo boksi likiwa limezimwa kompyuta inaweza kugoma kuwaka vizuri. Waweke na uid=1000 au namba ya mtumiaji wao, bila hiyo mafaili yanakuwa ya root (msimamizi mkuu) na hawaandiki kitu. Halafu wale wanaolalamika kunakili kunaganda kwenye MB 11 kwa sekunde, hiyo ni laini ya megabiti 100. Gigabiti inataka nyaya zote 8 ndani ya kebo. Jozi moja ikikatika, inaweza kushuka bila kukwambia.

Jibu: Hapo kwenye kebo wanaapdeti draiva wiki nzima mkuu. Badilisha kebo kwanza.