Wajumbe wanapokwenda Juba kuzungumzia uchaguzi, huwa wanazungumza nini hasa?

TrelaNimule

Wakuu, naomba mnieleweshe. Mimi ni dereva wa masafa marefu, mwaka wa kumi na tatu huu. Napakia unga na saruji, navuka Malaba, nashika njia ya Gulu hadi Elegu, naingia Nimule, halafu zile kilomita 192 za lami mpaka Juba.

Kila baada ya miezi michache nasikia redioni mjumbe fulani ametua Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, "kuhimiza pande zote zitekeleze mkataba wa amani na kuandaa uchaguzi". Machi 2025, Riek Machar, makamu wa kwanza wa rais na kiongozi wa upinzani, alipowekwa kizuizini nyumbani kwake, Kenya ilimtuma hayati Raila Odinga. Akaonana na Rais Kiir, akaomba amwone Machar, akakataliwa, akaelekea Uganda kuzungumza na Museveni. Siku hiyo nilikuwa Nimule nasubiri karatasi za forodha. Pale kwenye kibanda cha chai watu walikuwa wanatazamana tu.

Nauliza kwa sababu Julai 2016, vita vilipolipuka tena, nilikuwa Juba, upande wa Gudele. Mimi na taniboi wangu tulilala chini ya trela usiku tatu, tunagawana maji ya dumu la kunawia. Mkataba wa 2015 ulikuwepo, haujatimiza hata mwaka. Wajumbe walikuwepo, wameshapiga picha. Tangu hapo nikisikia uchaguzi na Juba vikitajwa pamoja, kitu cha kwanza ninachowaza ni dizeli iliyobaki kwenye tangi.

Je, safari hizi zina kazi gani? Na kwa nini tarehe ya uchaguzi kila mara ni 22 Desemba?

MtotoWaKakuma

Kaka, pole sana kwa ya Gudele. Mimi ni Msudani Kusini, shule nimesoma kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na kwa miaka sita nafanya ukalimani wa Kiarabu cha Juba na Kiingereza kwenye mikutano ya aina hiyo. Ya ndani ya vikao siwezi kuyamwaga yote, lakini kazi yenyewe naweza kukueleza.

Tarehe ni hesabu tu. Serikali ya mpito iliundwa 22 Februari 2020, na mkataba wa amani wa Kiir na Machar wa Septemba 2018 unataka uchaguzi ufanyike siku 60 kabla ya mpito kwisha. Mpito ulikuwa wa miezi 36. Agosti 2022 wakauongeza miezi 24, Septemba 2024 wakauongeza tena miaka miwili. Hesabu kurudi nyuma kutoka Februari, utaangukia Desemba. Ilikuwa 22 Desemba 2024, ikawa 22 Desemba 2026. Hakuna aliyekagua nchi akasema kufikia siku hiyo tutakuwa tayari.

Mjumbe akiingia huanza na tarehe hiyo, maana ni rahisi kuiulizia na ni rahisi kuiahidi. "Mheshimiwa, Desemba iko pale pale?" "Iko pale pale." Sentensi hizo nimezitafsiri hadi naziota. Kazi inakuwa nzito mkifika kwenye yale yaliyopaswa kutangulia. Katiba ya kudumu. Sensa, ambayo kwetu ya mwisho ilikuwa 2008, Sudan ikiwa bado moja. Sasa majimbo ya uchaguzi yagawanywe kwa hesabu ya nani, na watu wangapi wamekimbia tangu vita vianze 2013? Halafu jeshi la pamoja, lililopangwa liwe la askari 83,000. Kundi la kwanza lilihitimu Agosti 2022, na wengi wao wakakaa muda mrefu bila kupangiwa kazi.

Hapo kwenye jeshi ngoja nikae kidogo. Kuna warsha moja walibishana karibu saa mbili juu ya neno moja la taarifa ya pamoja. Wajumbe walitaka iandikwe kwamba pande zimekubali "kukamilisha" kuunganisha vikosi kabla ya uchaguzi. Upande mmoja ukataka "kuendelea na". Mbele yangu alikaa afisa mmoja mtu mzima, amevua miwani anaifuta kwa ncha ya tai. Akasema polepole, kwa Kiarabu: "Kukamilisha maana yake bunduki zangu ziandikwe kwenye daftari la mwenzangu." Nikamtafsiri hivyo hivyo. Pakawa kimya mpaka ukasikia feni. Taarifa ilitoka na "kuendelea na". Wewe njiani ukasikia pande zote zimethibitisha dhamira yao.

Kwa hiyo kazi ipo, kaka. Bila watu hawa wengine wasingekaa chumba kimoja kabisa. Ninachoumia ni swali wanalobeba. Septemba 2025 Machar alishtakiwa kwa uhaini na mauaji, na kesi ikaanza kusikilizwa mwezi huo huo. Huyu ndiye mtu wa pili wa mkataba wenyewe. Mjumbe akiuliza tarehe, anapewa tarehe. Akiuliza Machar atafanyia kampeni wapi, anapewa chai.

MamaDaftari

Mwanangu wa Kakuma, umenigusa. Mimi ni mwalimu mstaafu, Kenya, na mwaka 2007 nilisimamia kituo cha kupigia kura huku Bonde la Ufa. Sitaki kukumbuka damu ya wiki zilizofuata.

Msuluhishi Kofi Annan alifika Januari 2008, na mkataba wa Kibaki na Raila ukatiwa saini 28 Februari. Alipokuja hakuuliza uchaguzi wa marudio ni lini. Alianza na kusimamisha damu, akaenda kwenye wakimbizi, akaja kwenye kugawana madaraka, ndipo ardhi na katiba. Na hakurudi kwake baada ya siku mbili. Alikaa, wakubwa wale wawili wakijua kesho asubuhi yupo tena. Na dunia nzima ilikuwa imesimama nyuma ya meza yake moja.

Juba meza ni ngapi? IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda wetu, ipo. Umoja wa Afrika una kamati yake ya nchi tano. Nairobi tulianzisha mazungumzo ya Tumaini Mei 2024 chini ya Jenerali Sumbeiywo, yule yule aliyesuluhisha Sudan hadi mkataba wa 2005, na Julai chama cha Machar kikajitoa. Uganda ni mdhamini wa mkataba, na Machi 2025 ilipeleka askari Juba kuusaidia upande mmoja, wa Kiir. Mdhamini mwingine alikuwa Sudan, nayo inaungua tangu Aprili 2023. Kiongozi asipopenda anachoambiwa kwenye meza hii anahamia ile.

Halafu niseme kama mtu aliyehesabu kura kwa taa ya chemli. Kule mvua inafunga barabara miezi mingi, na Desemba ndiyo kwanza udongo unakauka. Masanduku ya vijijini yatakwenda kwa boti na helikopta. Hela ya hayo inatakiwa mapema, na hela ya nchi ile ni mafuta, yanayopita bomba la Sudan lililopasuka Februari 2024. Mjumbe akiulizia boti ziko wapi, nitaamini amekuja kwa uchaguzi.

JiraniWaArua

Nawaheshimu wote, ila hapa napingana nanyi. Mkiacha kushikilia tarehe, mpito hauishi. Nchi imepata uhuru Julai 2011 na haijapiga kura ya kuchagua viongozi hata mara moja! Kila mara sababu ni hizo hizo: sensa, katiba, jeshi. Walio madarakani wanajua kuwa wakichelewesha sensa wanajiongezea miaka. Mimi naona tarehe ndiyo kamba pekee iliyo mkononi mwa raia. Mkiikata, mtawashika na nini?

MtotoWaKakuma

Mama, shikamoo. Swali la boti nitalibeba.

Ndugu wa Arua, una hoja, tena ndiyo inayonikosesha usingizi. Januari 2011 nilipiga kura ya maoni Nairobi. Karatasi ilikuwa na picha mbili, mikono iliyoshikana ya umoja na mkono mmoja ulionyooshwa wa kujitenga. Mbele yangu kulikuwa na bibi hajui kusoma. Alichovya kidole, akabonyeza kwenye ule mkono mmoja, akabaki ameshikilia pale kama mtu anayeogopa wino usishike. Walioamua kujitenga walikuwa asilimia 98.83. Kwa hiyo usidhani sitaki kura.

Lakini 2011 kila mwenye bunduki upande wetu alitaka jibu moja. Safari hii hawataki jibu moja. Tarehe ishikiliwe, sawa, ila kila inapotajwa itajwe na vitu vitatu: askari wa nani atalinda kituo, daftari limeandikishwa na nani, na nani yuko kizuizini. Wajumbe wakitoka na tarehe peke yake wasiite mafanikio.

TrelaNimule

Asanteni. Mama, nimekusoma mara mbili.

Kaka wa Kakuma, sisi wa barabarani hayo yote hatutayasikia redioni. Nipe kitu kimoja cha kusikiliza nikiwa Nimule, kabla sijavuka.

MtotoWaKakuma

Usisikilize walichosema uwanja wa ndege. Sikiliza waliruhusiwa kuonana na nani. Ukisikia mjumbe ameonana na pande zote mbili siku hiyo hiyo, vuka. Ukisikia ameonana na mmoja, kisha akaondoka kwenda mji mkuu mwingine, jaza tangi Elegu na usilale Juba.

TrelaNimule

Napakia Alhamisi. Nitawaambia nilichosikia.