Hesabu za kwaya ya shule ziandikwe na darasa la uwekaji hesabu: tuanzie wapi?

Mwl_wa_Bweni
Tumsifu Yesu Kristo, wakuu. Sekondari ya bweni ya jimbo, mchanganyiko. Kidato cha Tatu kina mkondo mmoja wa biashara, na kwaya ya shule ina wanafunzi 40, mchango wao ni 2,000 kwa mwaka. Mwezi wa saba kwaya imenunua kinanda cha 900,000, na sasa inataka kufanya tamasha la kiingilio ili ipate sare. Mkuu wa shule amekubali vitabu vya kwaya viandikwe na darasa langu. Naomba mwongozo: vitabu gani, tamasha lifanyike wapi na lini? Na kwa wenye uzoefu wa muziki: wavulana wa Kidato cha Kwanza na cha Pili wanatoka nje ya tuni, halafu wimbo mmoja kila kundi linauimba kwa mapigo yake.

Leja_na_Jonali
Milele na milele, amina. Mwalimu, hapo umepata mada nzima ya hesabu za vyama visivyo vya biashara bila kutunga maswali ya kubuni.

Anza na vitabu vitatu tu: stakabadhi zenye namba mfululizo (halisi kwa mlipaji, nakala ibaki kitabuni), daftari la fedha lenye safu ya taslimu na ya benki, na daftari la masurufu (fedha taslimu za matumizi madogo madogo). Masurufu yawe 50,000. Wiki ikiisha na vocha za 37,500, bursa (mtunza fedha wa shule) anarudisha 37,500 ileile, si zaidi. Wakati wowote ukikagua, taslimu mkononi ukijumlisha na vocha lazima upate 50,000. Isipofika, usikubali "nitaileta kesho". Iandikwe siku hiyohiyo kama upungufu.

Sasa mchango, ndipo wanafunzi wengi wanapoanguka. Tuseme 34 wamelipa, 6 hawajalipa, na 3 kati ya waliolipa wametanguliza na ya mwakani. Taslimu iliyoingia ni 74,000. Mtoto ataibeba hiyo 74,000 moja kwa moja hadi kwenye hesabu ya mapato na matumizi, na hapo ameshakosa, maana hesabu hiyo inataka mapato ya mwaka huu tu, yawe yamelipwa au bado. Toa 6,000 ya mwakani, ongeza 12,000 ya wasiolipa, utapata 80,000. Kipimo ni rahisi: 40 × 2,000. Kwenye mizania (orodha ya mali na madeni), 12,000 ni mali (wadaiwa), 6,000 ni deni, kwa sababu kwaya bado haijawapa wale watatu huduma ya mwaka huo.

Kinanda nacho: 900,000 yote inaonekana kwenye hesabu ya mapokezi na malipo (fedha zilizoingia na kutoka), lakini kwenye mapato na matumizi unapeleka uchakavu tu (sehemu ya thamani inayopungua mwaka huo). Ukikadiria miaka 5 na thamani ya mwisho 100,000, ni 160,000 kwa mwaka. Kimenunuliwa Julai, basi hadi Desemba ni 80,000. Sera ya shule ikiwa ni kutoza mwaka mzima, iandikwe mwanzoni kabisa, isibadilishwe kila mwaka ili hesabu zipendeze.

Jambo moja nalisisitiza: sadaka ya misa isiguse daftari hili hata kidogo. Si mapato ya kwaya, hata kama wanakwaya ndio waliopitisha vikapu.

Sauti_ya_Nne
Nijibu la tamasha kwanza. Mkilifanyia kanisani, msahau kiingilio: waraka wa Roma wa mwaka 1987 kuhusu matamasha makanisani unataka watu waingie bure, na muziki uwe mtakatifu. Tiketi zikatwe bwaloni. Kwaresima muipishe. Kipindi hicho kinanda kinaruhusiwa kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya Laetare (ya nne ya Kwaresima), sherehe na sikukuu, kwa hiyo hata mazoezi ya vipande vya kinanda pekee hayana pa kutumika kwenye liturujia. Wiki za Pasaka ni nzuri zaidi, kama mitihani haijawabana.

Wavulana: hao sauti zinabadilika, si wakaidi. Usiwalazimishe sauti ya kwanza kwa kuwa mwaka jana waliiweza, wala usiwatupe kwenye besi kwa kuwa sauti zimeanza kuwa nzito. Wape mstari mwembamba wa noti tano au sita katikati ya tenori, na umpime kila mmoja upya kila muhula. Kosa la pili ni kushusha ufunguo ili wao wapumue: wimbo wa Do = G ukiuleta hadi E, besi wanazama na maneno hayasikiki.

Kuhusu mapigo, ninashuku fotokopi. Kwenye solfa (noti za herufi: d ni do, r ni re), nukta pacha hutenga mapigo, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, mkato huonyesha robo. d.,r ni robo tatu ya pigo kwa d na robo kwa r. Mashine ikiwa na wino hafifu mkato unapotea, mwanafunzi anaona d.r, anaimba nusu kwa nusu. Kundi lenye kopi nzuri liko sahihi, lenye kopi mbovu nalo linasoma kilichopo! Mtu mmoja apitie nakala zote kwa kalamu kabla hazijagawiwa.

Na ufundishe besi kwanza, kisha tenori, sauti ya pili, mwisho ya kwanza. Ukianza na ya kwanza, wote wataishika masikioni na hutawatoa.

Mwl_wa_Bweni
Asanteni sana, wakuu. Mkuu Leja, fedha za mlangoni siku ya tamasha zisimamiwe vipi? Wengine watalipa kwa simu.

Leja_na_Jonali
Tiketi zichapwe na namba. Kila muuzaji asaini alizopokea, tuseme 001 hadi 050, na usiku huohuo arudishe zisizouzwa. Zilizouzwa × bei = taslimu + miamala ya simu. Malipo ya simu yaingie kwenye namba ya shule, si ya mwalimu wala ya mhazini wa kwaya, na darasa lipewe taarifa ya miamala iliyochapwa, si picha za meseji. Makato ya mtandao yaandikwe kama gharama. Wakiandika kilichobaki baada ya makato, mapato ya tiketi hayatalingana na namba za tiketi na mtahangaika kutafuta tofauti. Fedha wahesabu watu wawili, wasaini wote, asubuhi ziende benki zikiwa nzima. Sare zilipwe baadaye kwa vocha, hata kama fundi amesimama mlangoni.