Static, dynamic au guided: ipi inafaa lupu ya pembetatu?

lupu_ndefu: Wakuu, naombeni msaada. Nina programu ya C inayolinganisha rekodi 10,000, kila moja na zote zinazoifuata. Kwa thredi moja (mkondo mmoja wa utekelezaji) inakula sekunde 96. Nimeweka OpenMP, nyenzo ya kugawa mizunguko ya lupu kwa thredi kadhaa, thredi nne kwenye kori nne, nikitegemea 24. Kwa njia zake tatu za kugawa mizunguko nimepata: static 42, guided 42, dynamic 25. Guided ndiyo imeniacha hoi. Si husifiwa kwamba iko katikati ya hizo mbili?

pembe3: Mkuu, tazama umbo la kazi yako. Rekodi ya kwanza inalinganishwa na 9,999, ya mwisho haina mwenzake: ndiyo pembetatu yenyewe. Static inakata mafungu manne ya mizunguko 2,500, inahesabu idadi tu, uzito haiujui. Thredi ya kwanza inabeba 7/16 ya kazi yote, ya pili 5/16, ya tatu 3/16, ya nne 1/16. Zidisha 96 kwa 7/16: 42 yako hiyo hapo. Tatu zimemaliza, zinaisubiri moja.

Guided sasa. GCC, kompaila ya C, huchukua mizunguko iliyobaki ikaigawanya kwa idadi ya thredi: fungu la kwanza 2,500, la pili 1,875, la tatu 1,407, hivyo hivyo yanapungua. Lile la kwanza ni lile lile la 7/16! Vifungu vidogo vya mwishoni, ambavyo ndivyo vya kuziba mapengo, vinakuja kazi imeshakuwa nyepesi. Geuza lupu ianzie rekodi ya mwisho.

sina_haraka: Ahangaike ya nini? Dynamic imempa 25, aweke hiyo akalale.

pembe3: Hapa sawa, maana mizunguko mingi ina maelfu ya ulinganisho ndani yake. Ila asiizoee. Dynamic bila namba ni mzunguko mmoja mmoja, na kila thredi ikimaliza inarudi kwenye kaunta ya pamoja (namba inayohesabu mizunguko iliyokwisha gawiwa) kuchukua mwingine. Niliwahi kuiweka kwenye lupu ya kujumlisha safu mbili za namba, ikawa polepole kuliko thredi moja. Muda wote uliishia kwenye kugombea kaunta.

kashe_moto: Mbona hakuna aliyetaja static,1, yaani static yenye mafungu ya mzunguko mmoja mmoja? Thredi zinapokezana mizunguko kama mtu anayegawa karata: ya kwanza inapata 0, 4, 8, ya pili 1, 5, 9. Pembetatu inajisawazisha, na kaunta haipo. Angalia tu unapoandika majibu kwenye safu. Kwenye mashine nyingi mstari wa kashe (kipande cha kumbukumbu ambacho kori huchukua kwa mkupuo) ni baiti 64, yaani namba nane za aina ya double, kwa hiyo thredi zote nne zitaunyang'anyana mstari huo huo. Kwako maandishi ni machache, haitauma.

sina_haraka: Na rekodi zikiwa na urefu tofauti?

kashe_moto: Hapo static haina ujanja. Rudi dynamic, ila kwa mafungu ya 16 hivi.

lupu_ndefu: Nimejaribu. Guided iliyogeuzwa 24 na ushee, static,1 vilevile. Nimeandika runtime kwenye schedule, sehemu ya OpenMP ya kuchagua njia ya kugawa, sasa nabadilisha njia kupitia OMP_SCHEDULE (kigezo cha mazingira) bila kukompaili upya. Na sina_haraka umenishika: hizi zilikuwa rekodi za majaribio, zote sawa. Zile halisi zina urefu wa kila aina. Naanza na dynamic,16.