Naomba ushauri: ubatizo usioonekana, Norfolk, 1829

Ndugu wapendwa, mume wangu ni Mwingereza, na katika Biblia ya zamani ya kwao yameandikwa kwa mkono majina ya watoto waliozaliwa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kuanzia 1829, yaani kabla ya Julai 1837, serikali ilipoanza kusajili vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales. Sensa ya 1851 inataja parokia aliyozaliwa yule wa kwanza, na umri wake unalingana na Biblia. Ile ya 1841 haisaidii sana kuhusu wazazi, kwani umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi mafungu ya miaka 5 (mfano, 34 ikaandikwa 30). Hata hivyo, katika daftari la ubatizo la parokia hiyo hayumo, ingawa ndoa ya wazazi wake imo. Ndoa hiyo hainipi uhakika wa dhehebu lao, maana wakati ule karibu kila mtu, isipokuwa Wayahudi na waumini wa Quaker (dhehebu dogo la Kikristo), alilazimika kuoana katika kanisa la Kianglikana.

Je, nianze na madaftari ya Wamethodisti na Wabaptisti yaliyohifadhiwa Kew, London, au na nakala ambazo parokia zilimpelekea askofu? Tena, mwandiko wa Biblia ni mmoja mwanzo hadi mwisho, kana kwamba yote yaliandikwa siku moja. Niupe uzito gani?